Beti Tatu, Gogo Moja

Amplifaya ya kwanza ya Afedra iliokoka kabla yake. Wahabu, fundi redio wa pale Oli, mtaa wa Arua, aliiunda ndani ya kasha la redio kaseti kuukuu, akaifunga betri ya pikipiki mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, akatangaza kwamba iko tayari. Na kweli ilikuwa tayari, ila si kwa gita peke yake. Kila Afedra alipogusa nyuzi mbili tatu, mhubiri mmoja wa redio ya ng'ambo, upande wa Kongo, alijipenyeza humo ndani na kuanza kukemea watu kwa Kilingala. Hakuna aliyejua ni kituo gani. Siku moja kwenye harusi, bi harusi anaingia, Afedra anampigia wimbo wa kumpokea, mhubiri akapasuka. Maneno watu hawakuyaelewa, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayekataza jambo. Bi harusi akasimama mlangoni. Wapo wanaoapa kwamba alisimama mpaka wali ukapoa, na kwamba shangazi zake walilazimika kuizungumzisha ile spika kwa heshima ndipo akaendelea kutembea.

Celestina, mwenye bendi iliyopiga siku hiyo, alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Halafu akamwita kijana kando.

"Gita yako nzuri," alimwambia. "Vidole iko na akili. Lakini mimi nataka mupiga gita moja, si mupiga gita pamoja na muchungaji yake. Tafuta amplifaya ya kweli, kuja mwezi ya tisa, utakaa na sisi."

Afedra alikuwa na miaka kumi na saba, na katika umri huo neno kama hilo linaweza kumkosesha mtu usingizi wiki nzima. Amplifaya ya kweli aliijua ilipo. Ilikaa juu ya rafu ya Wahabu, nyeusi, kubwa kama sanduku la askari, na vitufe vinane usoni. Ilikuja kutoka Juba na bendi ya hoteli iliyogombana ilipofika Arua, kila mtu akauza alichoweza kubeba. Afedra alikuwa amewahi kuijaribu mara moja tu. Aligusa uzi mmoja, sauti ikatoka pana, ikavuka barabara, na mama mmoja aliyekuwa akichambua maharage upande wa pili akainua kichwa.

"Laki saba," alisema Wahabu. "Nawekea wewe mpaka mwezi ya tisa. Baada ya hapo, mutu akikuja hata na mbuzi mugonjwa, nauza."

"Baba Ruqaiya, nipunguzie," Afedra alimsihi fundi.

"Napunguza kelele yangu. Bei iko hapo hapo."

Mama yake, Margarita, aliyekuwa akiuza angara, samaki wale waliokaushwa, sokoni Arua, alisikiliza habari hiyo mikono ikiwa ndani ya gunia. Hakuwa na laki saba. Hakuwa hata na laki. Lakini alikuwa na kaka.

"Nenda kwa mjomba wako kule Dranya," alisema. "Sasa ni wakati wa kukausha tumbaku, anahitaji mtu. Na wewe ni mwana wa dada. Mwana wa dada hatoki kwa mjomba mikono mitupu, hiyo haijawahi kutokea tangu mimi nizaliwe."

Ni kweli, ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto wa dada akifika kwa mjomba anaweza kumkamata kuku uani bila kuomba, na mjomba atamwonyesha aliyenona zaidi. Mjomba anayemnyima mpwa anaogopa maneno ya watu, na zaidi ya maneno ya watu anaogopa moyo wake mwenyewe. Afedra alijua hilo tangu utotoni. Akafunga gita kwenye gunia, akaiacha spika ya mhubiri nyumbani, maana Dranya hakukuwa na umeme na betri ilikuwa imekufa, akapanda gari la Koboko.

Mjomba Dumo alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa amelipikia jeshi miaka kumi na tatu. Kutoka jeshini hakuleta bunduki wala cheo. Alileta Kiswahili, sufuria moja, na wimbo. Tumbaku yake ilijulikana Koboko nzima. Wanunuzi hawakuuliza daraja. Waliona majani yana rangi ya dhahabu, wakasema, haya ya Dumo. Watani walidai kwamba alipofungua bani, yaani kile kijumba kirefu cha udongo cha kukaushia, majogoo wa majirani waliwika wakidhani jua limechomoza.

Siri ilikuwa moto. Majani yakishafungwa kwenye fito na kutundikwa ndani, moto huwashwa mdomoni mwa bani, nje, na joto hupita ndani kwa mabomba ya bati yaliyolazwa chini. Siku tano, moto usizidi, usipungue. Wenzake walikuwa na vipimajoto vilivyotolewa na wanunuzi. Dumo naye alipewa kimoja. Kuku alikipiga teke wiki ya kwanza, naye hakukililia.

"Mimi hapana taka kioo," alimwambia Afedra jioni ile ya kwanza, wakiwa wamechuchumaa mbele ya moto. "Mimi iko na wimbo. Sikiliza."

Akaimba. Ulikuwa wimbo wa askari aliyeibiwa blanketi. Ubeti wa kwanza anamuuliza mpishi: umeona blanketi langu? Ubeti wa pili anamuuliza sajini. Ubeti wa tatu, baada ya binadamu wote kukana, anaugeukia moto:

*Moto, wewe hulali,*
*moto, wewe uliona,*
*sema nani kalibeba.*

Aliuimba taratibu, pole pole kama mtu anayetembea na maji kichwani. Alipomaliza ubeti wa tatu akasema, "Sasa," akasukuma gogo moja ndani kwa mguu. Akavuta pumzi, akaanza upya kwa mpishi.

"Beti tatu, gogo moja," alisema. "Hapana ongeza, hapana punguza. Miaka ishirini na mbili sijaunguza jani, sijapoza jani. Usiku nalinda mimi. Mchana linda wewe. Mchana hata mbuzi anaweza kulinda."

"Na mimi nitapata ngapi, mjomba?"

Dumo akacheka. "Bani hii ikitoka vizuri, robo ni yako, na wewe kwenda kununua hiyo sanduku yako ya kelele. Ikitoka vibaya, wewe utapata vile vile, kwa sababu dada yangu amekuzaa. Mimi ndiyo nitakula vumbi."

Alisema hivyo kwa mzaha. Afedra naye alicheka.

Kuni zililetwa na Anguyo wa kijiji cha Kuluba, rafiki wa Dumo tangu walipokuwa na meno yote. Anguyo hakuwa na kazi nyingine duniani. Alikata miti, akaipanga nyuma ya nyumba yake, akaiacha mwaka mzima chini ya paa la nyasi ndipo akaiuza. Alipakia baiskeli mpaka yeye mwenyewe hakuonekana, ukaona tu mzigo wa kuni unatembea barabarani na kusalimia watu.

Alipofika siku hiyo aliteremsha mzigo, akachukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio la Afedra. *Ti!*

"Mpiga gita, hiyo sauti gani?"

Afedra alikuwa na sikio zuri, hilo hata adui yake hakulikana. "Ya juu," alisema. "Inalia kama kengele."

"Eee! Huyu mtoto ana masikio, Dumo, si kama wewe. Kuni kavu hulia. Mbichi haitoi sauti, inanung'unika tu kama mume wa watu." Akamgeukia rafiki yake. "Na wewe mpishi wa jeshi, blanketi limeonekana?"

"Wewe ndiyo uliiba," alisema Dumo. "Miaka yote mimi naimba, mwizi anakaa ananiletea kuni."

Walitaniana hivyo kila walipokutana. Anguyo alikunywa uji, akaondoka akipiga kengele ya baiskeli bila sababu.

Siku tatu za kwanza Afedra alilinda vizuri. Asubuhi mjomba alipoingia kulala, yeye alikaa mbele ya moto, gita mapajani, akaimba beti tatu, akasukuma gogo. Gita la umeme lisilo na amplifaya ni kama nyuki ndani ya chupa. Mwenye kulipiga anasikia, na jirani hasikii kitu. Aliupiga wimbo wa blanketi ulivyo. Kufikia siku ya tatu vidole vilikuwa vimeuzoea mno, na vidole vya umri ule vikizoea kitu huanza kukitafutia miguu ya ziada.

Siku ya nne ilikuwa siku yenyewe. Majani yalikuwa yameshageuka manjano yote, na sasa ndipo joto lilipaswa kuishika rangi hiyo isikimbie. Mchana mvua ikaanza, ndogo, ya kukaa. Afedra alivuta kigoda chini ya ukingo wa paa. Aliimba mpishi. Aliimba sajini. Na kati ya sajini na moto, bila kukusudia, kidole kilipanda mahali hakijawahi kupanda.

Aliposikia alichofanya, alisimama. Akarudia. Pale palikuwa na mlango! Kati ya ubeti wa pili na wa tatu, ambapo askari ameshakataliwa na watu wote na bado hajauuliza moto, palikuwa na nafasi kubwa ya huzuni, na gita lingeweza kuingia humo likatembea. Akaingia. Akatembea. Alifumba macho, akajiona yuko mbele ya Celestina, sanduku jeusi nyuma yake, sauti inavuka barabara na watu wanainua vichwa. Alipanda, akashuka, akapanda tena njia nyingine. Kila alipokaribia ubeti wa tatu aliuchelewesha, kama mtu anayekula nyama akiacha kipande kizuri cha mwisho. Na kwa kuwa hakuufikia ubeti wa tatu, hakufikia gogo.

Hata hivyo alikuwa akiimba. Hilo ndilo lililomdanganya. Hakulala, hakwenda kutembea, hakuuacha wimbo. Aliufuata wimbo hatua kwa hatua. Ni wimbo tu uliokuwa umekua ukawa na urefu wa barabara ya kwenda Arua.

Alipofumbua macho, mvua imekatika na mdomo wa bani hauna mwanga. Aliweka mkono kwenye bomba la bati. Lilikuwa na joto la uji uliosahauliwa.

Alirundika magogo sita kwa mkupuo. Moto ukapanda, ukanguruma, lakini tumbaku si maharage, huwezi kuipoza ukaipasha. Unyevu ulikuwa umeshayarudia majani. Jioni mjomba alipoamka, hakufika hata mlangoni. Alisimama uani, akanusa.

Alifungua bani. Kulikuwa na giza la kutosha kumficha mjomba uso, na Afedra alishukuru kwa hilo. Majani yalining'inia kwenye fito, ya rangi ya chai iliyokaa. Bani nzima.

"Nini ilitokea?" aliuliza Dumo. Hakupandisha sauti.

Sasa, Afedra hakuwa mtoto mwongo. Kama angeulizwa kesho yake, au saa moja baadaye, labda angesema. Lakini aliulizwa wakati ule, akiwa ameshika gita, na akilini mwake amplifaya nyeusi ilikuwa inateremka kwenye rafu na kwenda kwa mtu mwenye mbuzi mgonjwa.

"Kuni, mjomba," alisema. "Kuni ilikuwa maji maji. Niliimba vizuri, niliweka gogo, lakini haikushika."

Dumo alimtuma mtoto wa jirani kwa baiskeli. Anguyo akaja asubuhi, hakunywa uji.

"Kuni yangu?" alisema. "Kuni yangu mimi?"

"Mtoto ndiyo alikuwa hapa. Anasema maji maji."

"Dumo. Miaka mingapi nakuletea kuni?"

"Mingi. Ndiyo maana inaniuma."

Anguyo aliangalia lile rundo lililobaki. Alichagua vipande viwili, si vya juu, vya chini kabisa, ili mtu asiseme vimekaushwa na moto wa jana. Akavigonganisha. *Ti!* Sauti ikaenda mpaka kwenye muhogo ikarudi. Lakini hakumwangalia Dumo, ambaye masikio yake yalikuwa yameharibiwa na mizinga ya zamani. Alimwangalia Afedra.

"Mpiga gita, wewe una masikio. Sema."

Afedra alisikia kengele ile kichwani mwake, safi kama uzi wa kwanza.

"Ni kama... inanung'unika kidogo," alisema.

Anguyo alikaa akimtazama. Aliviweka vile vipande juu ya rundo, taratibu, kimoja kando ya kingine, akachukua baiskeli yake. Hakupiga kengele.

Tumbaku iliuzwa kwa bei ya takataka. Robo yake isingenunua hata waya wa gita. Afedra alipofunga gunia lake kurudi Arua, mjomba alimkuta uani, akampa fedha zilizofungwa kwa kamba ya mgomba. Zilikuwa laki sita na nusu.

"Mjomba, hizi zimetoka wapi?"

"Baiskeli nimeuza, na mbuzi wawili. Miguu iko bado." Akamkabidhi na jogoo, amefungwa miguu. "Huyu uza huko, tafuta iliyobaki. Mwambie dada yangu mimi sikunyima mtoto yake."

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa pili, na Afedra aliuona waziwazi. Angeweza kusema pale pale, chini ya ule mwezi mwembamba wa alfajiri, mbele ya jogoo peke yake. Gari la Arua likapiga honi barabarani.

Mwezi wa tisa hakuna mtu aliyempelekea Wahabu mbuzi mgonjwa. Sanduku jeusi likaingia bendi ya Celestina, na mpiga gita wake nyuma yake. Wimbo wa blanketi, pamoja na ile nafasi kati ya sajini na moto, Celestina aliusikia mara moja tu kwenye mazoezi akasema, "Huo. Huo ndiyo tunafunga nao." Kufikia Krismasi, watu wa Oli waliuimba wakichota maji. Harusi hazikuisha bila wimbo huo. Wapo waliosema mchele wenyewe ulikataa kuiva mpaka usikie solo. Afedra alikula, akavaa viatu, akamnunulia mama yake gunia jipya na turubai la meza. Kwa mjomba alituma sukari na sabuni. Yeye mwenyewe hakwenda.

Mvua za mwezi wa nne zilileta habari. Mama yake aliitoa huku akipanga samaki.

"Yule mzee wa kuni wa Kuluba amefariki. Anguyo. Kifua."

Afedra aliendelea kumshikia gunia.

"Wanasema biashara yake ilikuwa imekufa kabla yake," aliendelea Margarita. "Neno la kaka yangu si dogo kwa watu wa tumbaku. Dumo akisema kuni ya fulani ni maji, nani atanunua? Na kaka yangu hakwenda kwenye mazishi. Mtu wa siku zote hizo! Alikaa nyumbani anapasua kuni zake peke yake mpaka jua likazama. Hata udongo hakumtupia."

Usiku huo bendi ilikuwa na kazi, na Afedra aliupiga wimbo wa blanketi kama kawaida. Watu walimtuza fedha kwa kuzichomeka kwenye kola ya shati lake. Hakuna aliyeona tofauti yoyote, na hilo lilimtisha kidogo.

Januari ikaja, harusi zikaiva. Bendi ilialikwa Koboko. Afedra alikuwa anafunga waya chini ya hema alipoinua kichwa akamwona mjomba Dumo, kakaa kiti cha mbele kabisa, koti la jeshi limepigwa pasi, fimbo katikati ya magoti. Bi harusi alikuwa wa ukoo wake. Dumo alikuwa akimwonyesha kwa kidole kwa kila aliyepita.

"Ule pale na gita, ule mwana ya dada yangu. Sanduku ile mimi nilinunua. Eee, mimi!"

Afedra alimfuata Celestina nyuma ya spika. "Dada, leo tuache blanketi."

"Wewe wazimu? Wamelipa kwa sababu ya blanketi."

"Basi tuupige mfupi. Beti tatu, tumalize."

Celestina aliinua mabega. "Gita ni yako. Fupisha unavyotaka."

Kwa hiyo ruhusa alikuwa nayo. Mtu asije akasema alilazimishwa.

Waliupiga mwisho. Celestina aliimba mpishi, na Dumo akaruka kitini kwa furaha, akawapiga makofi majirani zake mapajani: wimbo wangu, wimbo wangu huo! Akafumba macho. Kidole chake kikaanza kuhesabu juu ya fimbo. Celestina akaimba sajini. Kidole cha pili. Na mguu wa kulia wa mzee, ndani ya kiatu cha jeshi, ukajisogeza nyuma, tayari kusukuma gogo.

Hapo ndipo Afedra alipaswa kupita moja kwa moja kwenda kwenye moto. Alijua. Lakini hema zima lilikuwa limeshainua simu juu likisubiri mahali pale, sanduku jeusi lilikuwa linapumua mgongoni mwake, na vidole vyake, vile vyenye akili, vikapanda.

Sauti ilivuka hema. Ilivuka barabara. Watu wakapiga vigelegele. Na katikati ya vigelegele hivyo Afedra alimwona mjomba wake, macho yamefumbuka, mguu bado uko nyuma, unasubiri. Unasubiri. Kidole cha tatu kimesimama hewani. Mwanzoni uso wa mzee ulikuwa wa mtu aliyechanganyikiwa njia. Kisha aligeuza kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu anayenusa.

Solo ile Koboko bado wanaisimulia. Wanasema ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilikuwa ndefu kwa sababu mpigaji aliogopa kuimaliza. Celestina alipofika ubeti wa tatu hatimaye, *moto, wewe uliona,* mguu wa Dumo ulikuwa umesharudi chini ya kiti, na mzee alikuwa anaangalia mikono yake.

Baadaye Afedra alimkuta mjomba nje, amesimama kando ya pikipiki za watu.

"Wimbo mzuri," alisema Dumo.

"Asante, mjomba."

"Mrefu."

Afedra alikunja waya wa gita uliokuwa mkononi.

"Mrefu sana. Moto ungezimika."

"Mjomba—"

"Kuni ilikuwa kavu?"

"Ilikuwa kavu, mjomba. Ililia kama kengele."

Dumo aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Afedra alingojea matusi. Alingojea fimbo, aliitamani. Mjomba akasema tu, "Mimi sikumzika," kisha, "Kesho tutaenda Kuluba. Kwa miguu. Wewe unajua baiskeli iko wapi."

Walifika jua likiwa limepanda. Santa, mjane wa Anguyo, alikuwa uani anapepeta ulezi. Alimwona Dumo, akaendelea kupepeta. Mzee akavua kofia, akasema alichokuja kusema, na alimfanya Afedra aseme sehemu yake mwenyewe, yote, mpaka ile ya kunung'unika. Afedra alimalizia kwa kusema amplifaya iko Koboko, inaweza kuuzwa, fedha zote ziwe zake.

Santa aliweka ungo chini.

"Nitaifanyia nini?" alisema. "Anguyo alitaka neno moja tu kutoka kwa mtu mmoja. Alikuwa analisubiri pale kwenye kiti kile. Mimi namwambia, mzee, ingia ndani, baridi. Yeye anasema, Dumo akija atanikuta nimelala, atanicheka." Akaonyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. "Kuni zake za mwisho ziko huko. Hakuna mtu alinunua. Mimi mwenyewe sijaziwasha. Nendeni mkaangalie kama ni maji."

Zilikuwa zimepangwa chini ya paa la nyasi, kila kipande kando ya kingine, mchwa hajagusa. Dumo alichagua viwili vya chini kabisa. Akavigonganisha karibu na sikio lake baya zaidi, akasubiri, akavihamishia sikio la pili. Kisha akampa Afedra.

*Ti!*

Afedra aliwasha moto mdogo pale uani, kwa mawe matatu. Hakuwa na gita. Mjomba alichuchumaa, akaanza kwa mpishi, sauti imekwaruza. Akamuuliza sajini. Kisha, bila kuongeza wala kupunguza, akauuliza moto. Alipomaliza hakusema "sasa." Alikaa tu, mdomo wazi kidogo, akitazama makaa.

Afedra akasukuma gogo kwa mguu. Lilishika kabla hajarudisha kiatu, bila moshi hata kidogo.

"Kavu," alisema.

"Mwambie yeye," alisema Dumo, akionyesha kaburi lililokuwa chini ya mihogo, nyasi zimeshaota juu yake. "Mimi nimesikia."